Koti la Mzee Omuse

Aidah alikuwa ameuza makoti ya mitumba mjini Busia kwa miaka kumi na tatu, na muda huo wote watu walimjua kama mwanamke asiyemficha mteja kasoro ya nguo. Walimwita Mama Janat, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mtu akitafuta koti sokoni aliambiwa, enda kwa Mama Janat, zipu ikiwa imekufa atakuambia mwenyewe. Sifa hiyo aliipenda sana, na aliendelea kuipenda hata ilipoanza kuwa si ya kweli.

Ilianza mwaka ule mizigo ilipoharibika. Robota la nguo alilofungua lilikuwa na kamera nne au tano, yaani zile nguo safi za kwanza ambazo wachuuzi hugombania, na zilizobaki zote zikawa fagia, za kumwagwa chini kwenye turubai na kuuzwa kwa bei ya kipande cha sabuni. Makoti ya mvua ndiyo yaliyomwumiza zaidi. Kwa nje yalikuwa mazuri, lakini ule utando wa ndani unaozuia maji ulikuwa umezeeka, ukibanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Hamdan, aliyeuza viatu kibanda cha pili, ndiye aliyemwonyesha dawa yake. Alichukua mshumaa mweupe, akausugua juu ya mkono wa koti, akaweka gazeti na kupitisha pasi ya moto. Kisha akamwagia maji. Maji yakateleza na kuanguka chini.

"Linazuia kwa muda gani?" Aidah aliuliza.

"Muda wa mteja kufika kwake."

Hamdan alicheka. Aidah hakucheka, lakini akiwa njiani kwenda nyumbani alinunua pakiti mbili za mishumaa.

Mzee Omuse alikuja kibandani kwake Jumatano moja ya mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa bado hazijashika. Alikuwa mtu wa miaka kama sitini na mitano, mwembamba, mwenye vidole virefu na makovu ya miiba hadi kwenye viwiko. Alisalimia, akasimama kando mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka.

"Nataka koti la mvua, mama," alisema. "Lisilo na kelele."

Aidah alidhani anasema rangi. Akamtolea la kijivu. Mzee hakulitazama. Aliushika mkono wa lile koti, akauleta sikioni, akaukunja polepole ndani ya ngumi yake huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo.

"Hili linaongea," alisema, akalirudisha.

Akampa la manjano la mpira, kama yale wanayovaa wavuvi wa Port Victoria. Mzee alitikisa kichwa kabla hata ya kulishika. Alisema maji hayapiti hapo, ni kweli, lakini ukikunja kiwiko ni kama mtu anakanyaga makopo, na jasho lako mwenyewe litakulowesha kabla ya mvua. Akampa la manyoya laini. Hilo lilinyamaza sikioni, lakini mzee alitema mate kidogo kwenye kidole, akagusa kitambaa, na mate yakazama. "Linakunywa maji," alisema. Akampa jingine zito lenye madoadoa ya kijani. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hilo nikivaa, polisi wataniuliza nilijiunga na jeshi lini."

Lilikuwepo moja zuri la kahawia, lakini mifuko yake ilifungwa kwa zile plasta za kunata. Mzee alifungua mfuko mmoja na ile sauti ya kuchanika ikasikika mpaka kwa Hamdan. Akalirudisha.

Aidah alikuwa ameanza kufurahia mchezo ule. "Kwani ni kazi gani, mzee?"

Omuse alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Kazi ya mlimani."

Akaeleza kwa maneno machache. Kwao ni chini ya vilima vya Amukura, kwenye miamba na vichaka vya miiba. Nguruwe mwitu hushuka kutoka huko na kufukua mihogo, na familia nzima inaamka kukuta shamba limegeuzwa kama limelimwa na trekta. Yeye na wenzake watano hupanda alfajiri na mbwa. Vijana huswaga, na yeye hukaa peke yake kwenye mwanya kati ya miamba miwili, mahali nguruwe hupita wakikimbia. Anakaa saa tatu, nne, bila kusogea. Nguruwe haoni vizuri, lakini akisikia kitu kidogo tu hapiti tena njia ile.

"Serikali haitaki watu wawinde," alisema. "Najua. Tukipeleka malalamiko tunaandikwa kwa kitabu, na nguruwe hawasomi kitabu. Kwa hivyo tunaenda kimya. Na mwezi wa nne na wa tano ni mvua, na mimi si kijana. Baridi ikiniingia mgongoni nakohoa, na nikikohoa nimewafukuza."

Hapo ndipo Aidah alipokumbuka lile koti lililokuwa chini ya meza.

Lilikuwa la rangi ya majani makavu. Nje lilikuwa laini kama tumbo la paka, fupi, lisiloweza kunasa kwenye miiba, na zipu yake ilikuwa ya plastiki. Lilikuwa pia limeoza ndani. Utando wa mgongoni ulikuwa umebanduka wote, na Aidah aliukwangua kwa kisu, akashona juu yake kitambaa cheusi kinachong'aa ili pasionekane. Mabega na mikono aliyapiga mshumaa na pasi. Mgongo hakuupiga, kwa sababu hakuna mteja anayejaribu mgongo.

Akalitoa. Mzee alilileta sikioni, akalikunja, akalikunja tena upande mwingine. Akafumba macho.

"Hili limenyamaza," alisema.

"Na maji halipitishi. Tazama."

Aidah alichukua chupa ya maji, akamwaga begani, akamwaga mkononi. Matone yakakusanyika, yakabingirika na kuanguka. Mzee aliyafuata kwa macho kama mtoto.

"Na mgongo?" aliuliza.

"Ni kitambaa kimoja, mzee."

Kitambaa kilikuwa kimoja kweli. Baadaye, alipokuwa akijitetea moyoni, Aidah alikishikilia hicho tu, kwamba hakutamka neno la uongo. Lakini alijua alichofanya, na alijua zaidi ya hapo. Wakati mzee akilijaribu koti mbele ya kioo kilichovunjika, Aidah alikuwa amekwisha kuwaza kwamba mtu huyu hawezi kurudi kulalamika. Angesema nini mbele ya watu, kwamba koti lilimlowesha akiwa anawinda? Wazo hilo lilipita haraka, na alilikaribisha.

Mzee alilipa pesa za kuku wawili aliowauza asubuhi ile, bila kubishana sana. Alilikunja koti vizuri, akaliweka kwapani.

"Walionielekeza kwako walisema ukweli," alisema. "Asante, mama."

"Karibu tena, mzee," Aidah alijibu, akainama kupanga nguo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mvua zilianza wiki mbili baadaye, nzito, za kujaza mitaro na kuwafanya madereva wa malori waliopanga foleni mpakani wajifungie ndani. Mara ya kwanza alipoisikia juu ya mabati, Aidah alimfikiria yule mzee. Mara ya pili pia. Kisha akaizoea mvua, na mzee naye akafifia.

Mwezi wa tano, msichana mmoja alisimama mbele ya meza yake. Alivaa gambuti zenye matope mekundu, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Alisema anaitwa Everlyne, mtoto wa Mzee Omuse wa Amukura.

"Yule mzee wa koti," alisema, kwa kuwa Aidah hakujibu. "Amenituma kwako. Anataka sweta nzito na soksi. Amesema nisiingie kwingine, watanidanganya. Nije kwa Mama Janat."

Aidah aliuliza kama mzee ni mgonjwa. Everlyne akamweleza. Alikuwa mlimani asubuhi moja ya mvua, akaanguka kutoka kwenye mwamba. Mguu ulivunjika juu ya kifundo, na kifua kikashikwa na nimonia. Alilala hospitalini siku kumi na moja. Madaktari waliwaambia alikuwa akitafuta mbuzi aliyepotea. Sasa yuko nyumbani, mguu una plasta, na kifua bado kinapiga filimbi.

"Na koti?" Aidah aliuliza.

"Lililowa, lakini anasema hakuna koti linaloweza mvua ya siku ile."

Aidah alimchagulia sweta nzuri kuliko zote alizokuwa nazo na soksi jozi tatu, akakataa pesa. Everlyne alishangaa, akasema baba yake atafurahi, kweli watu walisema Mama Janat ana roho safi. Alipoondoka, Aidah aliketi juu ya mzigo ambao haujafunguliwa. Mteja alimwuliza bei mara mbili, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alipanda boda boda hadi Amukura, akiwa na mkate, sukari kilo mbili na majani ya chai. Aliapa njiani kwamba atasema akifika tu. Boma la Omuse lilikuwa mwisho wa njia ya mawe, nyumba mbili za udongo zenye mabati, na nyuma yake vilima vilivyosimama kama migongo ya ng'ombe. Mke wake, Ajiko, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, alimpokea mizigo. "Yoga," alimsalimu kwa Kiteso, akampeleka ndani.

Omuse alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, amevaa ile sweta. Kando yake ameketi mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyeitwa Okwi, mmoja wa wawindaji. Mzee alipomwona Aidah alijaribu kuinuka.

"Huyu ndiye mama wa koti," alimwambia Okwi. "Ametoka Busia kunitazama."

Okwi alisalimia, kisha akaendelea na alichokuwa akikisimulia, na Aidah akalazimika kukisikia chote. Alisema mvua ilianza walipofika juu. Mzee akaenda kwenye mwanya wake kama kawaida, nao wakazunguka upande wa pili na mbwa. Iliwachukua karibu saa nne. Nguruwe walipotoka hatimaye, walikuwa saba, wakaenda moja kwa moja kwenye mwanya, na vijana wote wakangoja kusikia mkuki. Hawakusikia kitu. Walipofika walimkuta mzee amelala chini ya mwamba, midomo imekuwa ya majivu, meno yanagongana. Alikuwa amejaribu kusimama na miguu ikakataa, ilikuwa imekufa kwa baridi.

"Tulipomvua lile koti lilikuwa zito kama maiti," Okwi alisema. "Ukilikamua mgongo unajaza ndoo."

"Mvua ilikuwa kubwa," Omuse alisema.

"Mzee, mimi nilikuwa na gunia la plastiki mgongoni na sikulowa hivyo."

Ajiko, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa pua. "Nilimwambia asiende kununua peke yake. Masikio yamekwisha, macho yamekwisha. Anauza kuku wangu, anarudi na blanketi lenye zipu."

"Koti si baya," Omuse alisema polepole. Hakuwa akimtazama mtu yeyote. "Nililijaribu mwenyewe. Labda nilikaa vibaya, maji yakaingilia shingoni. Mama huyu hakuniuzia kitu kibaya. Ni mimi."

Kikombe cha chai kilikuwa mikononi mwa Aidah. Alikinywa chote kikiwa bado moto, kikamwunguza ulimi, na hakusema. Alikaa pale nusu saa, akasikia jinsi wenzake walivyokwisha kuamua kwamba mwanya sasa ni wa Okwi, na kwamba mzee akipona atabaki chini na wanawake kulinda shamba kwa kugonga makopo. Walisema kwa upole. Omuse aliitikia kila neno.

Alipotoka, aliliona koti. Lilikuwa limeanikwa juu ya ua wa mbuzi, ndani nje. Kile kitambaa cheusi kilikuwa kimefumuka upande mmoja, na uzi ulioning'inia ulikuwa uzi wake, ule mweusi mnene aliokuwa nao kwenye kopo pale kibandani. Yeyote aliyejua kushona angeona kwamba haukuwa wa kiwandani. Hakuna aliyekuwa ametazama, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mzee. Aidah aliusukuma uzi ndani kwa kidole, akapanda boda boda.

Kitendo hicho cha kidole ndicho kilichomkaa zaidi. Aliweza kujisamehe mshumaa, kwa sababu wengi wanafanya, na aliweza hata kujitetea kuhusu lile jibu la mgongo. Lakini kuusukuma uzi ndani, nyumbani kwa mtu aliyemvunja mguu, baada ya kunywa chai yake, hakupata mahali pa kukuweka. Wiki nzima alipochukua udhu na maji yakateleza kwenye mkono wake, aliiona ile chupa. Aliwakaripia wanawe bila sababu. Alimweleza Hamdan, akitumaini labda atamgombeza.

"Wewe uliuza koti," Hamdan alisema. "Hukumpandisha mlimani. Na mtu anayewinda ni mwizi wa serikali, anajua hatari yake."

Aidah aliona kwamba Hamdan anasema yale yale aliyoyawaza yeye siku ile, akaondoka kabla hajamaliza.

Alirudi Amukura Alhamisi, siku ya soko, akafunga kibanda. Omuse alikuwa nje, ameketi kwenye kiti, mguu juu ya gogo. Ajiko alikuwa akimenya mihogo. Aidah alikataa kiti. Alijua akiketi ataletewa chai, na akiletewa chai hatasema.

"Mzee, koti lilikuwa bovu na mimi nilijua."

Omuse alimtazama bila kuelewa. Aidah akaeleza yote, mshumaa, pasi, utando alioukwangua, kile kitambaa cheusi. Alisema kwa haraka, macho yakiwa kwenye plasta ya mguu. Ajiko aliacha kumenya. Aliinuka, akaenda kwenye ua wa mbuzi, akaleta koti, akalipasua mgongo kwa kile kisu cha mihogo kwa mkato mmoja. Ndani hapakuwa na kitu, kitambaa kitupu cha kuonea mwanga. Aliketi na koti mapajani.

"Nilimcheka," Ajiko alisema, si kwa Aidah wala kwa mumewe. "Hospitalini, mbele ya wagonjwa wengine, nilimcheka."

Omuse alinyoosha mkono akapapasa ule mpasuko.

"Nilipoliweka sikioni ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Na nilipouliza mgongo?"

"Nilijua, mzee."

"Basi masikio yangu hayakukosea. Lilikuwa limenyamaza."

"Hayakukosea. Katika yote uliyoyajaribu, hakuna ulilolikosea."

Mzee alipumua, na kifua chake kikapiga ile filimbi. Aidah akaanza kusema kuhusu pesa, kwamba atarudisha za koti na za hospitali kidogo kidogo, lakini Omuse aliinua kiganja.

"Sitaki pesa sasa. Mimi nimekaa hapa wiki hizi nikijua nimezeeka. Nimekubali. Nimewapa mwanya wangu. Okwi anakuja kuniambia pole kama ananizika. Uwaambie wao. Uwaambie vile umeniambia."

"Nitamwambia Okwi."

"Wote. Jumapili watakuwa kwa Okwi, kwenye chungu. Uende huko."

Aidah alielewa maana ya chungu. Wateso hukaa kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi iliyotiwa maji moto, kila mtu na mrija wake mrefu. Hakuwa amewahi kuingia mahali kama hapo maishani mwake, na mtu yeyote kutoka mtaani kwake akimwona angekuwa na la kusimulia mwaka mzima. Alitaka kuomba iwe mahali pengine. Aliutazama mguu, akasema ataenda.

Jumapili alasiri Everlyne alimsindikiza. Chini ya kivuli cha banda walikuwapo watu kumi na wawili, wanaume na wanawake, na mirija imelala kutoka midomoni mwao hadi kwenye chungu kama miali ya jua katika mchoro wa mtoto. Mazungumzo yalikatika walipoiona hijabu ya Aidah. Okwi aliinuka akidhani kuna habari mbaya.

"Mzee yuko salama," Everlyne alisema. "Huyu mama ana neno."

Aidah alikuwa amelipanga neno lake usiku na mchana, na sasa likapotea lote. Alisimama mikono imefungana mbele. Akasema, "Lile koti la Mzee Omuse nililiharibu mimi, kisha nikamwuzia." Halafu yakafuata mengine, yakiwa hayana mpangilio, akirudia mara mbili habari ya mshumaa. Mtu mmoja alimwomba aseme kwa sauti, hawasikii, na ikambidi kuanza upya. Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza.

Okwi ndiye aliyeuliza. "Alikuambia anaenda kukaa mwambani kwa mvua?"

"Aliniambia. Saa tatu, nne."

"Na bado ukamwuzia."

"Na bado nikamwuzia."

Hakuna aliyetukana. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na aliyangoja. Mtu mmoja aliuweka mrija wake chini. Mwanamke mzee aliyeitwa Roselida, shangazi yake Okwi, alisema kwa Kiswahili cha taratibu, "Mpeni mama kiti, amesimama sana." Wakamletea kiti. Aidah aliketi katikati yao, na hapo ndipo machozi yalipotoka, kwa sababu kiti kile hakustahili na hakuweza kukikataa.

Okwi alikuwa akitazama ardhi. "Siku aliyolileta," alisema, "nililishika mimi pia. Nililiweka sikioni, nikamwambia mzee hili ni koti. Nilitaka aniazime. Halafu alipoanguka nikasema masikio yake yamekufa." Alisugua shingo yake. "Yangu je?"

Alisimama, akachukua kofia yake, akaenda kwa Omuse bila kumaliza pombe.

Mguu wa mzee ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Walimrudishia mwanya wake, na Okwi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia. Mwezi wa nane alijaribu kupanda, akafika nusu ya njia, akaketi juu ya jiwe, akawaambia waende. Kwa hiyo mwishoni mwanya ukawa wa Okwi hata hivyo. Ila sasa kabla ya kwenda hupitia kwa mzee kuuliza upepo unatoka wapi na mbwa wafunguliwe upande gani, na mzee huchukua muda wake kujibu. Aidah alipoliona hilo hakupata ule wepesi aliokuwa akiutarajia. Kwake mguu ulikuwa bado mguu.

Kibandani aliacha mishumaa. Makoti yenye utando uliokufa aliyatundika upande mmoja, akawaambia wateja haya ni ya upepo tu, mvua yatakunywa. Wengi walishukuru na kwenda kununua kwa wengine makoti yale yale yaliyopigwa pasi. Muhula huo Janat alichelewa wiki mbili kurudi shuleni kwa kukosa karo. Hamdan aliacha kumsalimia kwa muda, akiona kama anamsema yeye.

Mwezi wa tisa, ndani ya robota la kawaida, lilitoka koti la kweli. Nje lilikuwa laini, bubu, la rangi ya udongo, na ndani mishono yote ilikuwa na utepe ambao haujabanduka hata mahali pamoja. Aidah hakuliamini. Alilivaa juu ya gauni kavu, akaenda nyuma ya nyumba yake, akamwambia Janat ammwagie maji mgongoni, ndoo baada ya ndoo, majirani wakichungulia. Alipolivua, gauni lilikuwa kavu. Akalipeleka Amukura.

Omuse alilikagua kwa muda mrefu, mgongo kwanza. Akasema ni zuri. Kisha akamwita Everlyne, akamwambia alipeleke kwa Okwi, mvua za vuli zinakuja na yeye ndiye anayekaa mwambani. Aidah alikuwa ametamani sana kumwona mzee akilivaa.

Bado huenda kule, si kila Jumapili. Mzee humwuliza habari za Busia na foleni ya malori. Ajiko hazungumzi naye sana. Siku ile ya koti la pili alikuwa na beseni la mihogo mbele yake, na Aidah alipokaribia kuaga alimsukumia kisu kimoja kwa mguu, bila kuinua macho. Aidah aliketi kwenye kigoda, akachukua muhogo, akaanza kumenya. Mingine ilikuwa na alama za meno ya nguruwe. Ajiko alimwonyesha kwa kidole mahali pa kukata, wakaendelea mpaka beseni likaisha.